Mpishi Aliyesahauliwa Katika Sehemu ya Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota maikrofoni yangu imegoma. Haikuharibika. Iligoma kwa maneno.

"Mhina," iliniambia, "mimi uongo huo siupitishi."

Kusema kweli sikushtuka. Kilichonishangaza ni kwamba ilikuwa na lafudhi ya Kidigo. Miaka yote hiyo nimeinunulia mpaka kifuniko cha sufu, na sikuwahi kuiuliza kwao ni wapi.

Inabidi niueleze uongo wenyewe. Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa chumba cha nyuma hapa nyumbani Muheza, picha inakwenda, nami naweka sauti ya Kiswahili juu yake. Nakuwa askari, nakuwa bibi harusi, nakuwa mbwa. Kwa miaka sita nimeitafsiri anime moja, filamu ya katuni ya Kijapani, iitwayo Walinzi wa Chumvi, na kila sehemu nimeitazama kwanza na binti yangu Semeni. Ni hadithi ya msichana Kinue, anayezunguka visiwani kulinda chumvi isiibwe na Mfalme wa Ukungu, maana chumvi ikiisha, watu husahau majina ya wenzao.

Wiki hii tuliitazama sehemu ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Semeni alilia, akasema ni nzuri kuliko zote. Mimi nilikasirika. Katika sehemu ya tatu Kinue alimwacha mpishi wake, Mzee Dobashi, kwenye kisiwa kidogo, akamwambia, "Nitakurudia." Sasa sehemu ya tano nzima, saa mbili na dakika kumi, hakumrudia. Hata jina hakulitaja. Kwa hiyo niliamua kwamba katika tafsiri yangu atamrudia. Kwenye picha ya mwisho Kinue anasimama ufukweni, ametupa kisogo, anaangalia maji, hasemi kitu. Pale pale ningemsemesha: "Sasa twende tukamchukue Mzee Dobashi." Nani angejua?

"Baba, usimtie maneno mdomoni," Semeni aliniambia. "Kimya kile ndicho kinachobeba filamu nzima."

"Kimya hakimrudishi mtu kwao."

"Sawa, baba," alisema, kwa ile sauti ambayo si sawa. Tangu hapo, siku mbili, hatukusemezana zaidi ya karibu chakula na asante.

Basi, maikrofoni imegoma.

"Nitaazima nyingine," naiambia.

"Azima. Lakini kwanza nenda ukamuulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyo mpishi unayemhangaikia. Umewahi kumuuliza?"

Sijawahi. Nasimama nitoke, mlango haufunguki. Navuta, nasukuma, napiga teke. Ndipo nakumbuka kanuni ya filamu hizi: hakuna pigo linalofanya kazi mpaka ulitaje jina lake kwa sauti. Napanua miguu. Nanyoosha kiganja.

"Pigo la Kufungua Mlango wa Mbao!"

Mlango unafunguka kwa adabu. Nje si uani kwangu. Nje kunanyesha mvua ya sehemu ya tano.

Hapo lazima niseme haki. Mvua ile imechorwa tone kwa tone. Ndani ya kila tone kuna nyumba iliyopinduka, na ndani ya nyumba kuna mtu amekaa dirishani. Muheza nimenyeshewa sana, lakini hakuna mvua iliyowahi kuninyeshea kwa uangalifu namna ile. Nikageuka nimwite Semeni aione. Nikakumbuka hatusemezani. Nikaendelea kulowa peke yangu.

Natembea hatua kumi, nafika kwenye vita vya mwisho.

Uwanja umejaa. Huku walinzi wa chumvi, kule jeshi la ukungu, mapanga yote juu. Hakuna anayesogea. Namsogelea mlinzi mmoja mwenye mkuki.

"Kuna nini?"

"Tunangoja," ananijibu kwa sauti ya chini. "Mwenzetu yule anakumbuka utoto wake."

Natazama juu. Angani, ukubwa wa mawingu, kuna ajuza anamenya tunda na mtoto anamtazama.

"Mtu akikumbuka, vita vinasimama," mlinzi anasema. "Ndiyo kanuni."

"Kwa muda gani?"

Anashusha pumzi. "Huyu alikuwa na bibi wawili."

Kando yetu amesimama Mfalme wa Ukungu mwenyewe, mrefu kama mnazi, ameshika kikombe cha chai. Ananipisha kidogo nipate kivuli, ingawa jua halipo.

"Wewe ndiye uliyenipa sauti ya Kiswahili?" ananiuliza.

"Ndimi."

"Umenifanya nikohoe."

"Samahani. Ni vumbi la chumbani kwangu."

"Usiombe radhi, nimekipenda kikohozi. Kinanipa uzee." Anakohoa kidogo kunionyesha, kisha sauti inamshuka. "Unajua nimetisha watu filamu nne mfululizo? Nimemeza miji. Halafu hii ya mwisho, nimeshindwa kwa dakika tatu na nusu. Muda wote umekwenda kwenye mabibi."

"Nami niliona. Walikuharakisha."

"Sikatai kushindwa," anasema Mfalme. "Nimekuja kushindwa. Ila mtu apewe nafasi ya kuanguka vizuri."

Nataka kumpa pole, lakini ghafla uwanja mzima unageuka kunitazama mimi. Mapanga yaliyokuwa yameanza kushuka yanasimama tena. Natazama juu, naona chumba changu cha nyuma kimejaa anga.

Nimekumbuka jambo bila kukusudia.

Pale juu yuko Semeni wa miaka kumi na mitatu, kwenye kiti changu, magoti kifuani. Ni mwaka ule mama yake alipofariki. Miezi miwili hajacheka. Mimi niko mbele ya maikrofoni, naanza kuitafsiri sehemu ya kwanza, na mpishi mmoja mwenye tumbo anaingia kwenye picha na sufuria. Sikuwa nimemtafutia sauti. Nikampa yangu mwenyewe, ile ninayoitumia jikoni ninapounguza wali. "Jamani, nani kakoroga supu yangu?" Semeni akageuka. Mdomo ukamcheza kidogo, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Nikarudia sentensi ile mara sita. Filamu ilikuwa imeshapita zamani.

Anga likajifunga. Mlinzi mwenye mkuki alikuwa anajifuta pua kwa kiganja.

"Hiyo ilikuwa fupi," alisema. "Fupi na nzuri."

"Ndiyo maana hatujaifuta kanuni," alisema Mfalme wa Ukungu. "Kumbukumbu kumi zinachosha. Halafu inakuja moja." Akakohoa, safari hii nadhani bila kutaka. Akatandaza vazi lake chini, likawa njia nyeupe juu ya maji. "Mpishi wako yuko kule. Pita juu yangu. Viatu usivue, mimi sichafuki."

Napita juu ya ukungu. Katikati ya bahari ukungu unakuwa soko la machungwa la Muheza, na mama mmoja ananiuliza kama naenda kwa mpishi, na kama naenda, nimwambie machungwa yapo. Nasema nitamwambia. Hatua inayofuata ni mchanga.

Kisiwa ni kidogo, hakizidi uwanja wa shule. Mzee Dobashi ameketi kwenye gogo, mbele yake mafiga matatu na sufuria ya baridi. Rangi imeanza kumtoka miguuni, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Chini ya magoti amebaki mistari tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua."

"Ni yako."

"Kumbe. Nilikuwa najiuliza nimeitoa wapi." Ananitengea nafasi kwenye gogo. "Karibu. Sina cha kukupa, kuni zimelowa. Mvua yao nzuri mno, lakini hawakufikiria mtu anayepika."

Nakaa. Namweleza yote: sehemu ya tatu, ahadi, hasira yangu, ile sentensi niliyoitunga. Anasikiliza kama mtu anayepewa salamu kutoka mbali.

"Nimekuja kuomba ruhusa," namwambia. "Nimwambie Kinue aseme anakuja kukuchukua."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu, mzee. Ndiyo shida."

"Ngoja kwanza. Inaanza."

Anaonyesha kidole ng'ambo ya maji. Ufukweni anatokea Kinue, mdogo kama punje ya mchele, kisha mkubwa, kama wanavyofanya kwenye filamu wanapotaka uone uso. Anasimama. Muziki unakoma. Upepo unazichezea nywele zake. Ndiyo picha ya mwisho, dakika moja na sekunde arobaini, nimeitazama mpaka naijua kwa moyo. Lakini mimi nimezoea kuona kisogo. Kutoka gogoni kwa Mzee Dobashi naona uso.

Kinue anatuangalia sisi. Haangalii bahari kama nilivyodhani. Macho yake yako kwenye kisiwa hiki kidogo, anakitafuta kwa uangalifu, jiwe kwa jiwe, kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

"Nyinyi mko nyuma yake," mzee ananiambia taratibu. "Mimi niko mbele."

Nainama mbele nimwone vizuri.

"Walionichora walinisahau," anaendelea. "Hilo ni kosa, nawe ukiulizwa, liseme. Usiwafichie. Lakini yeye hakunisahau. Kila mtu anapoitazama filamu hii, mahali popote, anakuja pale ananitafuta. Ukimtia maneno, atageuka aone nani anasema. Na muda wangu ni ule tu."

"Na mbona haji?"

"Haoni kama nipo. Kwa mbali kisiwa ni jiwe. Mpishi hujulikana kwa moshi, na moshi sina."

Nikapiga magoti. Nikapanga upya zile kuni, kavu kidogo chini, mbichi juu, kama mke wangu alivyonifundisha tulipokuwa wapya. Mzee akatoa kipande cha gome alichokuwa akikikausha kifuani tangu sehemu ya tatu. Nikajaribu kutaja pigo, "Pigo la Kuwasha Moto!", hakuna kilichotokea. Basi nikainama tu, nikapuliza bila jina lolote. Nikapuliza mpaka machozi. Majivu yakanirukia usoni, cheche ikashika, na utepe mwembamba wa moshi ukapanda, ukayumba, ukanyooka.

"Machungwa yapo sokoni," nikakumbuka kumwambia.

"Nimesikia," alisema Mzee Dobashi, akaweka sufuria motoni. Kwenye goti lake la kushoto rangi ilikuwa inarudi.

Nikageuka nimwone Kinue. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Semeni alikuwa ukumbini anafagia. Nilisimama mlangoni nikiwa na msuli tu, nikamwambia kabla sijaamkiwa.

"Ile sentensi nimeiacha."

Akasimamisha ufagio. "Kwa nini, baba?"

"Nimemuuliza mwenyewe."

Hakuuliza ni nani. Ananijua. Alisema tu, "Lakini kumsahau Mzee Dobashi kweli walikosea. Na yule Mfalme walimwahisha mno. Nilitaka kukwambia, ukawa umeshakasirika."

"Na mvua?"

"Baba! Ile mvua!" Akaweka ufagio chini kabisa, akaanza kunieleza matone yale kwa mikono, na chai ikachelewa.

Saa nne tukaingia chumba cha nyuma kurekodi. Nilifanya sauti zote. Nilipofika kwenye picha ya mwisho nikafunga mdomo. Kimya nacho hurekodiwa. Ukikata sauti, watu hudhani mashine imekufa. Kwa hiyo tulikaa, mimi na binti yangu, tukimwangalia Kinue kisogo, taa nyekundu ikiwaka.

Zikiwa zimebaki sekunde kama ishirini, Semeni akaegemea mbele. Kwenye pembe ya kulia ya picha, juu ya kijiwe ambacho nilikuwa nimekiona mara kumi na nisikione, palisimama utepe mwembamba wa moshi.

"Baba," akanong'ona, "ule moshi ulikuwepo jana?"

Nikaweka kidole mdomoni, kumkumbusha kwamba tunarekodi. Alikuwa ameshasema. Nimeisikiliza nakala tena mchana huu, na sauti yake imo, ndogo, safi, katikati ya kimya. Sitaifuta. Yeyote atakayeitazama kwa Kiswahili atamsikia msichana akiuliza, na kama ana macho, atatazama pembe ya kulia.