Uyoga Ulioota Sabato Asubuhi

Mimi si mtu wa hasira. Waulize watu wa Nyacheki, na yeyote atakayekwambia vingine, niletee jina lake nimwendee. Ninachosema ni kwamba napenda mambo yaende inavyotakiwa, na mwezi wa nne mwaka huu hakuna jambo lililokwenda inavyotakiwa.

Mama mkwe wangu, Mong'ina, alikuwa amekataa kula. Nimonia ilikuwa imemtoka, kifua kimefunguka, dawa amemaliza, lakini chakula kilimshinda. Siku tisa. Ukimpa uji anakunywa vijiko vinne kwa ajili ya adabu, kisha anageukia ukuta. Nilimchinjia kuku. Nilimpikia mboga za managu kwa maziwa, nikayalaza chunguni siku mbili mpaka uchungu wote ukaisha. Aliyagusa kwa ulimi akasema asante. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa akimaliza ugali wa wimbi peke yake, halafu anauliza kama mpishi amelala. Muuguzi wa zahanati akaniita kando akaniambia kama kufikia Jumatatu hajala, apelekwe Kisii alazwe, na kwa mtu wa miaka themanini na sita hakutaka kusema zaidi. Nililia nyuma ya choo ambapo hakuna wa kuniona, halafu nikarudi ndani nikamgombeza Mama kwa kutokula.

Alhamisi jioni akafungua mdomo mwenyewe.

"Esnah, uyoga haujaota?"

Nilikuwa karibu kumbusu. Siku tisa hajataja chakula hata kimoja, leo anauliza uyoga. Nikamwambia bado, lakini mvua ziko njiani, na ukiota tu, huo ni wake.

Sasa lazima nikueleze habari ya kichuguu, na huwezi kueleza habari ya kichuguu bila kumtaja Celestine. Celestine ameolewa na Masese, mdogo wa mume wangu, kwa hiyo mama mkwe ni wetu sote wawili, na kila mmoja wetu anaamini ndiye anayependwa zaidi. Kichuguu kiko mpakani, kati ya majani chai yangu na migomba yake. Kanuni yake aliiweka Mama mwenyewe tulipogawiwa mashamba: anayefika kwanza ndiye anayechuma, na hakuna kugombana pale, kwa sababu uyoga ukisikia ugomvi hauoti tena mwaka unaofuata.

Kanuni nzuri. Shida ni kwamba mimi ni Msabato na Celestine ni Mkatoliki, na uyoga ule, tangu niolewe miaka ishirini na mitatu iliyopita, unapenda kuota Jumamosi. Usinicheke, nimeuchunguza. Mvua inanyesha Ijumaa, Jumamosi alfajiri uyoga huo, mweupe pe, nami niko kanisani nafundisha Shule ya Sabato huku Celestine yuko kichuguuni na kikapu. Jumapili yeye akienda misa, mimi nakwenda kichuguuni nakuta mashina na funza.

Ijumaa hiyo mvua ikanyesha saa nane, ile ya radi na mawe. Saa kumi na mbili jioni nikakimbia kuangalia. Vichwa vilikuwa vimetoka, vidogo kama vifungo vya shati, vimeinua udongo kidogo tu. Ningevichuma wakati ule ningepata kijiko kimoja cha tope. Jua likazama nikiwa nimeinama pale pale, Sabato ikaingia. Nikanyoosha mgongo, nikaenda nyumbani, nikaimba wimbo wa kufungua Sabato kwa sauti ambayo hata mbinguni walijua Esnah amekasirika.

Asubuhi Mama alikunywa vijiko viwili vya uji. Nikavaa nguo za kanisani, nikapita kichuguuni. Kupita tu. Njia ya kanisani inapita kule ukiamua ipite. Uyoga ulikuwa umefunika upande mzima wa mashariki, wa kujaza sufuria ile ya wageni, na harufu yake ikanifanya nimeze mate kabla sijasali.

Najua mtu wa mjini atasema, si uchume, shida iko wapi? Shida ni Mama. Ndiye aliyenifundisha Sabato. Nikiwa mke wa wiki mbili hapa niliwahi kubandika maharagwe Jumamosi asubuhi. Mama akayaepua, akawamwagia kuku, akaniambia kwa upole kwamba kuku hawana dini. Mwanamke wa namna hiyo nimpelekee uyoga uliochumwa saa mbili asubuhi siku ya Sabato? Ataniuliza umechumwa lini. Siwezi kumdanganya mgonjwa. Atasukuma sahani, na hapo nitakuwa nimepoteza uyoga, na labda na Mama mwenyewe.

Nikaamua kuulinda mpaka jua lizame. Kuchuma ni kazi, kukaa si kazi. Nikarudi nyumbani nikaleta kiti cha plastiki, Biblia na mwavuli, nikaketi.

Saa saba watu wakatoka kanisani. Linet, shemasi wetu, akapita na mkoba wake, akasimama.

"Sabato njema, dada Esnah. Tumekukosa leo."

"Sabato njema. Ninatafakari uumbaji."

Akatazama vilima vyote vya Nyacheki, akakitazama kichuguu, akanitazama mimi na kiti changu kilichokipa kisogo kila kitu kingine.

"Uumbaji wa upande huu tu?"

"Ninaanza na huu."

Akasema ataniombea. Akaenda taratibu sana, akigeuka nyuma kila baada ya hatua tatu.

Saa nane Celestine akatokea kwenye migomba na kikapu mkononi. Alikuwa ametoka kuuza ndizi Nyamache, ndiyo maana alichelewa. La sivyo uyoga ule usingeona saa moja. Aliponiona akasimama. Halafu akatabasamu, kwa sababu ya ile kanuni ya Mama. Nami nikatabasamu.

"Mama Ronny," akanong'ona, "umefika kwanza."

"Nimefika, Mama Sheila."

"Basi chuma."

"Unajua siwezi."

"Aliyefika na hachumi, amefika wapi?"

Nikamwambia, kwa sauti tamu ungedhani namsifia mtoto wake, kwamba ana roho ya fisi. Akaniambia, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba fisi angalau akipata anakula, halali njaa kwa ujeuri. Nikamwambia ujeuri anao yeye na ukoo alikotoka. Akanishukuru. Akaweka kikapu chini, akainama. Nikavua leso mabegani nikaitandaza juu ya uyoga haraka.

"Kutandika leso si kazi?" akauliza.

"Ninaipumzisha."

Akashika pindo moja, nami nikashika jingine, tukawa tunavutana polepole bila neno, kama watu wanaokunja shuka. Mtu aliyepita mbali angefikiri tunapendana sana.

"Ni wa Mama," nikasema mwishowe.

"Kwani mimi namchumia nani?" Sauti yake ilikatika. "Ndizi nimemwachia mwenzangu sokoni nusu hazijauzwa, nimekuja mbio. Mimi pia nilimsikia akiulizia uyoga. Unafikiri anakuambia wewe peke yako?"

Sikulijua hilo. Lilinichoma kidogo, siwezi kukataa.

"Leo amekula nini?" akauliza.

"Vijiko viwili."

"Jana vilikuwa vinne."

Akaiachilia leso. Tukatazama chini sote wawili. Muda wote huo nilikuwa nimeishikilia hasira yangu kwa nguvu, kwa sababu nilijua kilicho chini yake, na sasa kikatoka.

"Celestine, mimi naogopa."

"Hata mimi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo bila waume zetu kutuketisha.

Celestine hakai na huzuni muda mrefu, hilo nampa. Akajifuta kwa kiganja akasema yeye Jumamosi haimfungi, atachuma yeye, apike yeye, na dhambi isiwe ya mtu.

"Amri inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango yako," nikamwambia.

"Mimi ni mgeni?"

"Kwa habari ya Jumamosi, ndiyo."

"Basi twende tumuulize Mama mwenyewe."

"Mgonjwa haulizwi mambo ya amri. Na akisema hapana utafanyaje? Utambishia?"

Nadhani wale kuku waliwahi kula hata chakula cha Celestine. Akakipindua kikapu, akakikalia.

"Haya. Tungoje hilo jua lenu."

Tukangoja. Sijawahi kuona mchana mrefu hivyo. Kuku wa jirani akaja, tukamfukuza kwa heshima. Saa tisa vichwa vilifunguka. Saa kumi kingo zikaanza kupasuka na nzi wakaja, nami nikawa nawapungia Biblia mpaka nilipoona ninachofanya, nikatumia mwavuli. Celestine alikuwa anatazama juu kila dakika.

"Hili jua lenu linatembea polepole," akasema. "Letu la Jumapili ni la haraka."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Jua likagusa kilima saa kumi na mbili na nusu, likakaa pale kama mgeni aliyeaga na bado anaongea mlangoni. Lilipozama nikapiga magoti, nikasema sala ya kufunga Sabato, fupi, mkono mmoja ukiwa tayari shinani. Celestine alisema amina kabla sijafika mwisho. Tukachuma kwa mikono minne, kimya, haraka. Kisha tukavigeuza vile vichwa. Kimoja kizuri, kimoja kina funza. Kimoja kizuri, viwili vina funza. Tulitupa zaidi ya nusu. Uliobaki haukujaza hata sufuria ya chai.

Jikoni hatukugombana, maana hakukuwa na wakati. Celestine akawasha moto, mimi nikaosha udongo mara tatu. Chumvi ya majivu, samli kidogo, hakuna nyanya, Mama hataki nyanya kwenye uyoga. Nikasonga ugali wa wimbi mdogo. Tukaingia kwa Mama pamoja, Celestine na sahani, mimi na maji ya kunawa.

Mama alikuwa amegeukia ukuta. Harufu ilipomfikia akageuka. Akainuka mwenyewe, bila kushikwa, akanyoosha mikono nimnawishe. Akamega tonge, akachovya, akatafuna huku amefumba macho. Nikawa nahesabu. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la saba nikapoteza hesabu kwa sababu Celestine alikuwa amenishika mkono na ananibana kucha. Mama alikula ugali wote. Akaipangusa sahani kwa kidole, akakilamba kidole, akatunyooshea sahani.

"Ongeza."

Sijui kama umewahi kusikia neno zuri hivyo. Lakini tukatazamana, mimi na Celestine.

"Umekwisha, Mama," nikasema.

"Kichuguu kizima?"

"Mwingine uliingia funza."

"Kwani uliota lini?"

"Leo asubuhi." Nikajikaza, nikakaa vizuri, maana hapa ndipo nilipotarajia kusifiwa. "Tuliulinda, Mama. Mchana kutwa, mimi na Mama Sheila. Hatukuugusa mpaka Sabato ilipofungwa."

Mama akaiweka sahani magotini. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Esnah," akasema, "ningekuwa ng'ombe, nimetumbukia shimoni asubuhi, ungeleta kiti ukae kando ya shimo mpaka jioni?"

Lile andiko la kumtoa ng'ombe shimoni hata siku ya Sabato nimelifundisha mwenyewe, mara ngapi sijui, na watu wakasema amina.

"Nawe Celestine. Siku yako ya mapumziko ni ipi?"

"Jumapili, Mama."

"Basi ulikuwa unangoja nini?"

Celestine akaangalia vidole vyake, vyeusi kwa udongo wa kichuguu.

"Nilikuwa nakuogopa wewe, Mama."

"Wote wawili mliniogopa," akasema Mama. Hakukasirika. Nafikiri angekasirika ningepata nafuu. "Mimi nilikuwa na njaa."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Celestine alianza kulia, halafu akaanza kucheka, halafu akashindwa kuchagua. Nikainuka nikaenda jikoni, naye akanifuata. Nikaishika sufuria, yeye akachukua mwiko, akakwangua pande zote na chini, pale samli ilipogandia na vipande vya uyoga. Tukapata kama matonge mawili, tukayakandia ukoko wa ugali, tukarudi nayo mbio.

Mama aliyala yote mawili, akaomba maji ya kunywa.