Pikapu Inayolala Ghalani

Dereva Taratibu aliipiga boneti kwa kiganja kabla ya kuifungua, kama afanyavyo kila asubuhi, ili waliolala ndani watoke. Panya mmoja alidondoka karibu na tairi la mbele, akatambaa bila haraka hadi chini ya magunia ya pumba. Wa pili hakujisumbua hata kukimbia. Alipita kando ya ukuta kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

"Potelea mbali," Taratibu akamwambia.

Jina hilo la Taratibu alipewa na wenzake kwa sababu ya uendeshaji wake. Pikapu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mwenye kinu cha kusaga nafaka, na kazi ya Taratibu ilikuwa kupeleka pumba kwa wafugaji wa kuku. Jioni tajiri alitaka pikapu iingizwe ghalani, pua yake ikigusa magunia, maana nje wangeiba betri. Taratibu alishamwomba iegeshwe uani, mbali na pumba, boneti ikiwa wazi ili injini ipoe, kwa kuwa panya hufuata joto na giza. Tajiri alimjibu kwamba hajawahi kusikia panya kaiba betri. Sharti likabaki palepale: waya zikitafunwa, ni uzembe wa dereva. Na nje ya geti walikaa wanaume kwenye benchi, leseni zimo mifukoni, wakisubiri dereva mmoja tu akosee. Ndiyo kazi za siku hizi. Unakula huku mwenzako anakuhesabia matonge, na huwezi kumlaumu, kwa sababu na yeye ana njaa.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Vidonge vya naftalini alivyovifunga kwenye injini alivikuta sakafuni, vimesukumwa nje. Kwenye mdomo wa kichujio cha hewa aliweka wavu wa chuma, baada ya kukuta humo kiota cha nyuzi za magunia na vitoto vyekundu visivyofumbua macho. Sumu ilikatazwa, kwani sumu na pumba havikai ghala moja, na kwa hilo tajiri alikuwa na haki. Paka aliletwa. Alishiba siku ya kwanza, na tangu hapo kazi yake ikawa kulala juu ya gunia.

Jana mkewe ndiye aliyekuja na dawa. Alitwanga pilipili kavu huku anakohoa na machozi yanamtiririka, akisema kwamba panya atakayeuma waya uliopakwa hiyo atahama mji. Ilitakiwa ichanganywe na mafuta ya taa ndipo inate. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei tena, na chupa ya nyumbani ilibaki na harufu tu. Akachanganya na mafuta ya kupikia yaliyobaki kikaangoni.

"Mafuta ni mafuta," alisema, akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. Ilikuwa muda mrefu Taratibu hajamwona na furaha namna ile. Jioni aliipaka ile dawa kwenye kila waya, kwa mswaki wa zamani, bila kuruka hata mmoja.

Sasa aliinua boneti. Shaba ilikuwa inang'aa. Waya zilikuwa zimemenywa kuanzia kwenye betri hadi kwenye stata, na pilipili yote ilikuwa imelambwa. Alitia ufunguo akauzungusha. Kikasikika kimlio kidogo, kisha kimya.

Fundi umeme aliitwa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye waya mmoja uliosalia, akakinusa.

"Hii nini, kaka?"

"Pilipili."

"Na samaki. Nani kakaanga samaki humu?" Fundi alicheka. Alipouona uso wa Taratibu, akaacha. "Pole, kaka. Pilipili waliila huku wanalia, nakuambia. Mafuta ndiyo yaliyowaita."

Tajiri alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe chake cha chai, na alikuwa amesikia yote.

"Nani kakupa mafuta ya samaki?"

"Mke wangu, tajiri. Alitaka kusaidia tu."

"Kwa hiyo mkeo anawapikia panya wangu." Tajiri akacheka, na safari hii fundi akalazimika kucheka tena, maana hakuwa amelipwa bado. "Sikiliza. Mimi si mtu mbaya, sikufukuzi. Mlete mkeo. Atafagia ghala hili kila siku, bure, mpaka waya zangu zirudi."

"Mpaka lini, tajiri?"

"Mpaka nitakaposema."

"Kosa ni langu. Nikate mimi mshahara."

"Wewe nilishakukata mwezi uliopita, na ule wa kabla yake. Umebakiwa na nini cha kukatwa?"

Hakuna aliyetaja ghala, wala magunia yaliyoigusa pikapu kwenye pua. Taratibu aliutazama ufunguo mkononi. Akilini alimwona mkewe ameinama kwenye vumbi lile, watu wakimwonyesha kidole, huyo ndiye mpishi wa panya.

"Mke wangu haji kufagia hapa," alisema, akauweka ufunguo juu ya boneti.

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Kwa muda mfupi alijisikia mwanamume kamili, kitu ambacho kinu kile hakikuwahi kumpa. Tajiri hakubisha wala kutukana. Aligeukia getini akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai nyingine, na mtu wa kwanza kwenye benchi akaja mbio huku anafuta mikono kwenye suruali. Alipopishana na Taratibu, aliangalia chini.

"Unga umemwagika, mzee mwenzangu," mlinzi alimnong'oneza, akamfungulia geti.

Alimkuta mkewe nje ya chumba chao anaanika nguo. Mkewe alipomwona amerudi jua halijapanda, shati la mtoto likamning'inia mkononi.

"Gari limekufa?"

"Waya zimekatwa."

"Na pilipili?"

Njiani alikuwa ametengeneza uongo mzuri, kwamba waya zilikuwa mbovu tangu zamani. Badala ya kuusema, alilichukua lile shati akalianika.

"Ni mafuta?" mkewe akauliza.

Taratibu aliitikia kwa kichwa. Mwanamke alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ilibidi Taratibu amweleze yote ili asiendelee kujilaumu: tajiri alivyosema, sharti alilotoa, naye alivyomjibu na kuuacha ufunguo. Alipofika hapo sauti yake ilipanda kidogo, kwa fahari. Alingoja neno zuri.

"Ningefagia," mkewe alisema.

"Nini?"

"Ungekuja kuniita. Ningefagia."

"Watu wakucheke? Ningekutazamaje?"

"Ungenitazama hivyohivyo, ukiwa na kazi." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, ingekuwa nafuu. "Mimi nimefagia kwa watu tangu sijaolewa. Leo ndiyo imekuwa aibu?"

Mkewe aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa kanga yake kuukuu, ile ya kudekia.

"Ufunguo keshampa mtu," Taratibu alisema.

"Na kufagia je? Kampa mtu?"

"Hatakulipa."

"Nimesikia. Nikikaa machoni pake kila siku, huyo wa benchi akikosea, tajiri atamkumbuka nani kama si wewe?"

Alikuwa ameshafika njiani. Taratibu alimfuata hatua chache, na kila alichotaka kusema kilikuwa cha kumzuia. Kisha akavua leso yake shingoni, akaikung'uta, akampa.

"Jifunge puani," alisema. "Vumbi la pumba linakaba."