Riwaya ya Saa Tano

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wakati binti yake alipoingia saluni, macho mekundu kwa kulia.

"Nimeshushwa daraja la kusoma," binti alisema. "Kuanzia kesho nakaa meza moja na watoto wadogo wanaosoma vitabu vya picha."

"Kisa?"

Kisa kilikuwa riwaya. Ilitokana na ile tamthilia ya runinga iliyowatia wazimu vijana wa mtaa mzima, ya msichana anayetoroka kwao na kumwacha mama yake mgonjwa. Nyuma ya jalada palikuwa na kibandiko cha maktaba ya shule: daraja la sita, muda wa kusoma saa tano. Binti alikuwa amekaa nayo karibu mwezi mzima, kwa sababu alikuwa akimsomea bibi yake, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini mdomo ulikuwa mzima. Bibi hakuruhusu ukurasa upite bila kesi. "Rudia hapo! Huyo baba ni mwongo, sura yenyewe naiona kutoka hapa." Walibishana, wakanuna, wakapatana. Kuna siku bibi alisusa chai kabisa kwa ajili ya mtu wa kitabuni.

Asubuhi hiyo mwalimu wa maktaba aliuliza kila mwanafunzi ametumia muda gani kuisoma. Wengi walikuwa wameishia kwenye tamthilia tu, lakini walijibu bila kupepesa macho: saa tano, saa nne na nusu. Binti alisema kweli. Darasa liliangua kicheko.

"Kitabu cha saa tano, wewe mwezi?" mwalimu alisema. "Huyu si msomaji, ni kobe."

Chanuo lilimdondoka msusi. "Amekuita nani?"

Mteja, nywele za upande mmoja zimesukwa na za upande wa pili zimesimama kama miiba ya nungunungu, alimsukuma kwa kiwiko. "Nenda dada. Mimi kichwa changu hakikimbii."

Msusi alimshika binti mkono, wakaongozana hadi shuleni. Mwalimu wa maktaba alikuwa akipanga vitabu kwa rangi za madaraja.

"Mwalimu, leo sina salamu. Mwanangu kawa kobe tangu lini?"

"Mama, ulikuwa utani. Lakini kipimo ni kipimo. Asiyemaliza kwa muda uliowekwa, kitabu kimemshinda."

"Umemuuliza kilichomo?"

"Utaratibu hauna swali hilo."

"Basi nikuulize wewe! Yule msichana alifanya vizuri kumwacha mama yake?"

Mwalimu alisitasita. "Si alirudi mwishoni? Wakakumbatiana pale mlangoni."

"Hiyo ni tamthilia," binti alisema kwa sauti ndogo. "Kitabuni harudi."

Msusi aliruka kama mafuta yaliyoingia maji. "Umesikia? Hukukisoma! Unampimia mtoto wa watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujakionja! Huna haya?"

"Mama," binti alisema, "hata wewe hujakisoma."

Ilikuwa kweli. Kila jioni msusi aliwasikia binti na bibi wakibishana chumbani, na kazi yake ilikuwa kuwapigia kelele wapunguze sauti. Mwalimu aliona mwanya. Akasema daraja halibadilishwi kwa makelele, na juzuu ya pili ya riwaya hiyo hatamwazima mtoto mpaka apande tena.

Wakarudi saluni. Msusi alikuwa na hasira na mwalimu, na nyingine, chungu zaidi, na nafsi yake. Binti alikuwa na hasira na wote wawili.

Kesho yake alikalishwa kwenye kiti kidogo, magoti yakimgusa kidevu, akapewa kitabu cha sungura na kofia yake. Alikifunua haraka haraka kama anayehesabu karatasi, akakipeleka mezani. Akaomba kingine. Akafanya vilevile, kutwa nzima, wiki nzima, meno yameumana.

Ijumaa mwalimu alitazama kadi yake ya kusoma na uso ukamchangamka. "Unaona? Ukitaka unaweza! Vyote umevimaliza chini ya muda."

"Sikumbuki hata kimoja," binti alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika darasa zima. "Sikusoma. Nilikuwa nafunua tu."

Mwalimu alikuwa ameshachukua kibandiko kipya. Akakibandika kwenye kadi: daraja la sita. Kisha akamsogezea juzuu ya pili.

Binti aliichukua bila kushukuru. Alipomsimulia mama yake saluni, msusi alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika.

"Yaani amekupandisha kwa hilo? Umemwambia hukusoma, na bado akakupandisha?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Alivua aproni, akaitupa juu ya kiti. "Kaa hapo. Fungua ukurasa wa kwanza, unisomee. Na mtu asiniulize muda."