Juzuu ya Kwanza Baraka, ya Pili Fizi

Mwaka 1956 Madame mmoja, mke wa Mbelgiji aliyekuwa akinunua pamba, alirudi Ulaya akatuachia riwaya zake za mapenzi. Zilikuwa kumi na mbili, zote za Waingereza wa zamani zilizotiwa Kifaransa, na kila riwaya ilikuwa na juzuu mbili. Madame alikuwa mtu wa haki. Hakutaka miji yetu miwili ya Kongo, Baraka na Fizi, ioneane wivu, basi akagawa sawasawa: juzuu za kwanza zote Baraka, juzuu za pili zote Fizi. Kisha akafunga masanduku yake akaondoka.

Kwetu Baraka vitabu viliwekwa katika kabati la Cercle, chumba walimokutana évolués kila Jumapili baada ya misa. Évolué, kwa asiyepata kuwaona, ni mtu aliyesoma, mwenye tai, anayekula ugali kwa uma hata akiwa peke yake. Wanawake hatukuwa wanachama. Mimi Félicité, binti wa katekista Albert, niliingia kwa sababu vikombe havijioshi. Masista walikuwa wamenifundisha Kifaransa, jambo ambalo mabwana wale walilisahau kila nilipobeba sinia.

Kazi yao ilikuwa kubishana riwaya ipi inazidi zote. Alphonse, karani wa ghala, alishikilia ile yenye farasi wengi. Mapenzi hayakumhusu, lakini farasi mmoja alipovunjika mguu, Alphonse alikosa kazini siku mbili. Raphaël, muuguzi, aliapa kwa ile tuliyoiita Hapana Tatu. Ndani yake binti anamkataa bwana mara mbili, na bwana anaondoka akitabasamu, maana anajua hapana ya tatu itageuka ndiyo. Mwalimu Anatole naye alipenda ya Bwana Kimya, mtu anayempenda binti wa jirani kurasa mia tatu bila kumwambia neno, akisimama dirishani na kuugua moyoni.

Kwamba kila kitabu kilikatika katikati, hakuna aliyetamka. Kuomba juzuu ya pili Fizi kungekuwa kukiri kwamba hujamaliza kusoma, na évolué humaliza. Mtu akiulizwa mwisho alifumba macho akasema, “Mwisho? Aa, ndugu, sitaki kukuharibia.” Walidanganyana hivyo miaka mitatu mizima, na mimi nikiwamiminia chai.

Ningecheka hadi leo kama wangeishia kubishana tu. Lakini siku moja Raphaël alinikuta zahanati nimempeleka mama kuchukua dawa ya kinini, akaniambia mbele ya wagonjwa wote, “Félicité, mi nakupenda. Tuoane.”

“Hapana, Monsieur Raphaël. Mi sikutaki.”

Akatabasamu, akainua kidole. “Ile ni ya kwanza.”

Mwezi uliofuata alinifuata kisimani. Nilimwambia hapana kwa sauti iliyowaamsha bata. Akanipigia saluti kwa furaha. “Ya pili! Ulikatala muzuri sana, Félicité. Ulikatala kama Mwingereza.” Jumapili ile Cercle nzima ilimpongeza, nami nikatumwa nilete biskuti.

Anatole, yeye, nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu miaka imepita na aibu yangu imezeeka. Naye alinipenda, kila mtu aliona. Shule yake ilikuwa upande wa pili wa mji, lakini alipita mbele ya nyumba yetu mara nne kwa siku, akisimama kidogo, akivua kofia, akitazama ziwa na kuvuta pumzi ndefu. Kisha akaenda. Mama alikuwa akimwekea kiti, mwishowe akachoka akakirudisha ndani.

Baba naye akachoka. “Mutoto wangu,” akaniambia, “ule mwalimu iko na miguu tu, mudomo hana. Bayomba ya Raphaël banakuja siku ya posho na mbuzi. Kama Mwalimu hasemi mbele ya ile siku, mi nawapokea.”

Siku ya posho ni Jumamosi, na bayomba ni wajomba wanaokuja kuposa. Ilikuwa Jumatatu. Nikawaza: Anatole anafuata kitabu, basi kitabu ndicho kitakachomsukuma. Akiona mwisho wake, ambapo Bwana Kimya bila shaka anafungua kinywa, naye atafungua chake. Kesho yake nikapanda lori la pamba, nikakaa juu ya magunia matupu hadi Fizi.

Mwenye kutunza vitabu huko alikuwa karani mmoja, Norbert, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Niliposema nimetoka Baraka, alinishika mkono kama amemwona ndugu aliyepotea.

“Dada, unijibu kwanza. Ule bwana wa kofia, analia juu ya nini?”

“Hamujui?”

“Sisi huku tunajua nani alikufa,” akasema Norbert. “Hatujui alikuwa nani.”

Naye aliona haya kuuliza Baraka, lakini mimi sikuwa mwanachama wa kokote, basi hakuona haya mbele yangu. Tukapatana: nimsimulie mwanzo, aniazime mwisho. Nilisimulia mpaka koo likakauka. Mara kwa mara alijipiga paja. “Kumbe ule ni dada yake!”

Nilisoma juzuu ya pili nikirudi, vumbi likinijaa machoni. Bwana Kimya hasemi. Ninakwambia hasemi hadi mwisho! Binti anaolewa na daktari. Siku ya harusi Bwana Kimya anasimama nyuma ya ua wa miti, mvua inamnyeshea, kofia mkononi, analia. Kisha kitabu kinakwisha. Nilitaka kukitupa chini ya magurudumu, lakini kilikuwa cha Norbert.

Hata hivyo nilipata tumaini jipya. Mtu akionyeshwa shimo atasimama, nikajiambia. Jumatano asubuhi nilimkabidhi Anatole kitabu mlangoni pa darasa. “Soma, Mwalimu. Soma mpaka mwisho. Na ujue bayomba ya Raphaël banakuja siku ya posho.”

Ijumaa alinirudia macho mekundu. Nikajua amesoma mpaka mwisho.

“Félicité,” akasema. “Iko kizuri. Iko kizuri kupita yote. Cercle itajua sasa kama mi nilichagua muzuri.”

“Na kesho, Mwalimu?”

“Kesho nitakuwapo.”

Akavua kofia, akatazama ziwa. Na mimi mjinga, nilifurahi. Nilipiga pasi kitenge changu kizuri nikimngoja aje na mjomba wake.

Jumamosi walikuja wajomba wanne wa Raphaël na mbuzi watatu. Raphaël alivaa tai ya rangi mbili, akakaa huku amekunja vidole viwili, cha tatu tayari. Nilitazama mlangoni. Hakuingia mtu. Nikatazama juu ya ua wa matete, nikaona kofia.

Alikuwa nyuma ya ua wetu. Ilikuwa Julai, mbingu kavu kabisa, tone la mvua hakuna, lakini alisimama kichwa kimeinama kama ananyeshewa, kitabu kifuani. Hapo nilielewa kuwa amekuja kunililia. Hakuja kwa jingine. Hasira ilinipanda hadi masikioni.

Baba akaniuliza, kama ilivyo desturi, kama mbuzi wafungwe kwetu.

“Hapana,” nikasema. “Simutaki Raphaël.”

Raphaël akaruka kitini. “Ya tatu! Bayomba, ile ni ya tatu! Sasa anakubali!”

Wajomba wakatazamana. Mkubwa wao, mkulima wa Lubondja asiyejua hata kuandika jina lake, alinigeukia taratibu. “Mutoto, umesema nini?”

“Nimesema hapana, baba.”

“Tumesikia.” Akasimama, akaanza kufungua kamba za mbuzi.

“Yomba, ngojea!” Raphaël akamshika mkono. “Mu kitabu anakataaga mbele, nyuma anakubali!”

“Ulisoma ile kukubali?”

Raphaël akauachia mkono wake. Mzee akamkabidhi kamba ya mbuzi mmoja, wakaondoka zao kwa adabu. Watu wanne wasiojua kusoma, na hapana yangu waliielewa mara moja.

Nikazunguka nyuma ya ua. Anatole alikuwa akipekua kurasa za mwisho, amechanganyikiwa.

“Félicité, lakini hapa inaandikwa unaolewa.”

“Sijaolewa, Mwalimu. Mi niko hapa. Baba iko ndani. Kiti iko ndani.”

Nilimngoja. Nilimpa muda wote ambao mwanamke anaweza kumpa mtu akiwa amesimama juani na moyo wake uko wazi. Kisha akaangalia kitabu, akaona hakuna ukurasa mwingine. Akanirudishia, akainama kama bwana wa Kiingereza, akaenda. Nililia palepale nyuma ya ua, bila mvua na bila kofia.

Jumanne nikapanda tena lori la pamba kurudisha mali ya watu. Norbert alikipangusa kitabu vumbi, akakitia kabatini, akaniuliza kama nimemletea mwanzo mwingine.

“Na ule mwalimu wako?” akauliza. “Mwisho yake ilikuwa namna gani?”

“Mwisho hana,” nikamwambia. “Sisi Baraka tuko na mwanzo tu.”