Nguzo ya Mwirunda

Kwa mujibu wa daftari, Ziwa Victoria lilipanda kila mahali isipokuwa kisiwani Mwirunda. Miaka ile ambayo mabanda ya ufukweni Bukoba yaliingia majini pamoja na meza zake, maji ya Mwirunda yalicheza kati ya sentimita 90 na 151, kisha yakatulia. Annastella aliichora takwimu hiyo mara tatu. Mara zote mstari ulitoka umelala.

Annastella, mzaliwa wa Kamachumu na mkazi wa Buhembe mjini Bukoba, alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa jiografia. Utafiti wake ulihusu mabadiliko ya mwambao wa visiwa vya Muleba, na ulitegemea nguzo moja ya chuma yenye alama za sentimita, iliyosimikwa majini Mwirunda mwaka 2018. Hakupata kisiwa kingine chenye vipimo vya kila siku. Msimamizi wake aliyekuwa Dar es Salaam alimwandikia mistari miwili: setilaiti zinaonyesha ziwa lilipanda zaidi ya mita moja, ama kisiwa chako kinaelea, ama huna tasnifu. Utetezi ulikuwa baada ya wiki tatu.

Akapanda boti.

Nguzo ilikuwa ikisomwa kila asubuhi na Mashimba, mvuvi aliyehamia kutoka Geita, katibu wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, ufuko wa kushushia samaki. Alimpokea akiwa na madaftari saba yaliyofungwa kwenye nailoni. Katika miaka yote hiyo alikuwa amekosa siku kumi na moja tu.

"Kaka Mashimba, nguzo hii ilisimikwa hapahapa?"

"Hapana." Mashimba alinyoosha mkono ziwani, mahali boti ilipopita. "Ilikuwa kule. Maji yakaja, nikaisogeza."

"Mara ngapi?"

"Tisa."

"Kwa nini?"

"Yule mtaalamu aliyeisimika aliniachia neno moja: mali ya serikali, isizame. Basi. Maji yakivuka mia na hamsini naing'oa, naisimika nyuma mpaka isome mia na ishirini. Maji yakikimbia, naifuatisha. Ziwa lenyewe halina adabu, mtaalamu, lakini nguzo yenu haijazama hata siku moja."

Alisema kama anayetoa taarifa ya mafanikio, na kwa maelekezo aliyopewa, yalikuwa mafanikio.

"Na hukuandika popote kwamba umeihamisha."

"Safu ya kuandika hivyo iko wapi?"

Annastella akaitazama fomu. Ilikuwa na safu ya tarehe, ya saa, ya kipimo na ya sahihi.

Akakaa juu ya kreti la soda, akafungua daftari la tatu. Siku moja ya Aprili 2020 maji yalisoma 151. Kesho yake 120. Ziwa haliwezi kushuka sentimita thelathini na moja kwa usiku mmoja, na Annastella alilijua hilo tangu akiwa Bukoba. Ndiyo maana aliifuta siku hiyo kwenye kompyuta, pamoja na nyingine saba zilizofanana nayo, akaandika katika sura ya tatu kwamba siku nane zimeondolewa kutokana na uzembe wa msomaji. Kumbe msomaji alisoma kabla ya kung'oa, akasoma tena baada ya kusimika. Ukubwa wa kila hatua ya nguzo, ya kupanda au ya kushuka, ulikuwa umeandikwa. Kilichotakiwa ni kujumlisha.

"Siku hizi niliziondoa," alisema. "Nilidhani umekosea kuandika."

"Mimi?" Mashimba aliligeuza daftari upande wake. "Nimeishia la saba, lakini mia na ishirini naijua."

Hatua nane zilipatikana hapo hapo, juu ya kreti. Ya tisa iliangukia katika zile siku kumi na moja. Hapo ziwa lilikuwa limeanza kushuka: maji yalisoma 47, kisha kurasa tupu, kisha 107.

"Nilikuwa Geita msibani," alisema Mashimba. "Hiyo muulize Rosalina."

Rosalina, mke wake, alikuwa akikaangia abiria sato kwenye jiko la udongo, hatua chache kutoka majini.

"Niliing'oa mimi," alisema bila kugeuka. "Maji yalikuwa yameshakimbia, inasimama pembeni kama imekuja kudai. Na mimi nilitaka mahali pa jiko."

"Ilikuwa imesimama wapi hasa, dada?"

Rosalina alionyesha chini ya jiko kwa mwiko.

Mashimba alieleza kwamba kila aliposimika nguzo alichimba shimo, akatanguliza jiwe bapa la kuikalia chini ya mchanga. Kama jiwe lingalipo, tofauti ya kimo kati yake na kitako cha nguzo mahali ilipo sasa, ambapo haijaondoka tangu siku hizo, ndiyo hatua ya tisa.

"Jiko lisogezwe," alisema Annastella.

"Jiko la udongo halisogezwi, linavunjwa. Si mkadirie? Arobaini na saba, mia na saba. Sitini hiyo."

"Ziwa nalo lilisogea siku hizo. Siwezi kukadiria."

"Nyie Wahaya," alisema Rosalina, "mnapenda karatasi kuliko chakula. Subiri sufuria liishe."

Liliisha saa saba. Jiko likavunjwa. Mashimba alichimba, shimo likaanza kujaa maji, koleo likagonga jiwe. Kwa mpira wa maji wanaoutumia mafundi ujenzi kulinganisha vimo, walipima mara nne. Ilitoka 62, mara zote nne.

Mstari sasa ulipanda mita moja na sentimita ishirini na moja hadi kilele chake, tofauti ya sentimita nne na setilaiti. Annastella akautuma kwa simu. Msimamizi alijibu: Sawa. Lete sahihi za waliohamisha.

Akaandika orodha ya hatua tisa. Mashimba aliisoma yote, akasaini mara nane, akairudisha.

"Ya tisa si yangu."

Rosalina alijifuta mikono, akashika kalamu.

"Hili jina langu linakwenda wapi?"

"Kwenye tasnifu. Kiambatisho cha pili."

"Watasoma watu wangapi?"

Annastella alihesabu kwa vidole.

"Watano. Mmoja ni mimi."

Rosalina akasaini, akamtazama Annastella na suruali yake ya safari, akamwonyesha lundo la udongo wa jiko lililovunjwa.

Boti ya saa tisa iliondoka bila Annastella. Alikuwa anakanda.