Nyuzi za Namba Saba

Jumatatu ya kwanza ya robo mwaka, saa mbili kasorobo asubuhi, mkuu wa usalama wa mifumo wa hospitali kuu alikuwa amesimama mbele ya printa ya ghorofa ya tatu akisubiri karatasi moja. Printa ile ilikuwa na tabia ya kukwama ikikutana na wino mwekundu mwingi, kwa hiyo alikuwa ameiwekea kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Wafanyakazi walimwita Bi Funguo kwa sababu alifunga kila kitu: mtandao, milango, mpaka kabati la vikombe. Jina halikumkera. Alijua kwamba anayefunga hapendwi mpaka siku ya wizi.

Karatasi ikatoka. Ilikuwa daftari la vihatarishi, mistari ishirini na miwili, na kila mstari ulitaja jambo moja linaloweza kuidhuru hospitali na rangi yake pembeni. Nyekundu maana yake shughulikia leo, chungwa mwezi huu, njano liangalie, na kijani kalale usingizi wako. Mstari wa saba ulihusu seva ya zamani iliyokuwa chini kabisa ya jengo, yenye faili za wagonjwa laki mbili na elfu kumi na nne. Walioitengeneza walishaacha kuirekebisha miaka sita nyuma. Mtu yeyote mwenye subira kidogo angeweza kuingia humo akiwa kitandani kwake. Kuhamisha faili kungechukua siku mbili, na siku hizo mbili hospitali nzima ingerudi kuandika kwa kalamu.

Nyekundu ya namba saba haikuwahi kufika juu. Hospitali ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, na labda ndiyo maana ilifuatwa vizuri kuliko zote zilizoandikwa. Iliitwa kupoza. Kila meza ambayo karatasi ilipitia iliipoza kwa rangi moja. Ikitoka kwa Bi Funguo nyekundu, Naibu aliifanya chungwa, Mkurugenzi akaifanya njano, na katibu wa bodi akaifanya kijani, kwani wajumbe ni watu wazima na presha zao. Hawakuwa watu wabaya. Naibu alikuwa na orodha ya upasuaji isiyoweza kungoja. Mkurugenzi alikuwa na watoto njiti kumi na mmoja, na kila asubuhi alipita kuwaona kabla hata ya kuvua koti. Kila aliyepoza alikuwa na mtu anayemhurumia. Mkurugenzi alikuwa akifungua vikao kwa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, wajumbe wakatikisa vichwa, kisha wakaendelea na ajenda ya maegesho ya magari.

Mara moja Bi Funguo alijaribu ujanja. Aliandika "nyekundu iliyoiva," ikafika juu ikiwa njano, na mjumbe mmoja akauliza swali. Wiki ile nzima alitembea akiwa na raha. Lakini robo iliyopita Mkurugenzi alimshika mkono kwenye ngazi akamwambia, "Safari hii ilete ikiwa imeshapoa, dada yangu. Unatuchosha." Siku hiyo goti lilikuwa linamuuma, na miaka sita ya kusema jambo lilelile ilikuwa imemlemea. Aliandika njano kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu.

Jambo hilo lilimkaa kooni kwa sababu moja. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika wodi ya wazazi ya hospitali hiyohiyo, dada yake mkubwa alilala kitanda namba kumi na tatu na mtoto wake akafariki. Kitanda namba kumi na mbili alilala mwanamke asiye na ndugu aliyejifungua binti na kufariki kabla ya adhuhuri. Dada alimchukua binti yule kwa taratibu zote, akamlea, akampenda mpaka akasahau siku nyingine kwamba hakumzaa. Binti hakujua. Sasa alikuwa anasoma chuo cha upimaji ardhi, na dada alikuwa amepanga kumwambia Jumamosi baada ya mtihani wa mwisho.

"Nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu," dada alimwambia Bi Funguo. "Jambo hili liko sehemu mbili tu, kifuani kwangu na kwenye mashine yenu. Si ndiyo kazi yako kufunga? Nifungie."

"Nimefunga, dada," alijibu Bi Funguo.

Jumatatu hiyo, basi, aliandika nyekundu. Jumanne saa nne asubuhi, karatasi ikiwa bado mezani kwa Naibu, fundi wa mitambo alimpigia simu kutoka chini.

"Mkuu, seva inatoa nyuzi."

"Nyingi?"

"Nimeacha kuhesabu kwenye elfu nne. Zinatokea kwenye tundu za kupitishia hewa, zinapita dirishani."

"Zimegusa nyaya za umeme?"

"Hazijagusa kitu. Zina adabu."

"Usizivute. Nakuja."

Alizikuta zimejaa chumba kizima, nyembamba kuliko unywele, zenye mwanga wa rangi ya maziwa, zikitoka kwenye ile seva kuukuu kwa utulivu, kama mvuke unavyotoka kwenye chungu. Alizifuata mpaka uani. Hapo alisimama, mkono mdomoni, na hakuweza kuendelea.

Nyuzi zilikuwa zimefunika mji. Zilipanda kutoka dirisha dogo la chini, zikapita juu ya mapaa, zikatawanyika kila upande, kisha kila mmoja ukashuka taratibu mpaka kwenye utosi wa mtu. Ulishuka kwa mwalimu aliyekuwa ubaoni, kwa fundi rangi juu ya ngazi, kwa kichanga mgongoni mwa mama yake. Nyingine hazikupinda popote. Zilipanda wima mpaka jicho likashindwa, na hizo zilikuwa za marehemu. Jua lilipozipiga, anga yote ikatetema. Ilikuwa nzuri, na hilo lazima lisemwe. Bi Funguo alikuwa ameiandika ile idadi, laki mbili na elfu kumi na nne, katika ripoti ishirini na nne, na hakuwahi kuiona hata siku moja. Sasa aliiona. Alilia hapohapo uani, hadharani, na mlinzi wa geti akalia pia bila kuulizana sababu.

Ukiushika uzi ulisikia faili ya mwenyewe ikisomwa. Sauti ilikuwa ya mama wa masjala, yule aliyeingiza faili hizo zote kwa vidole viwili mpaka alipostaafu. Alisoma bila haraka, bila kuhukumu mtu, na alikohoa palepale alipokohoa siku ile alipoandika. Walipomfuata nyumbani kwake kumuuliza, alisema hakumbuki kusoma kwa sauti, ila sauti ni yake na kikohozi ni chake.

Kufikia adhuhuri mitaa ilikuwa na ukimya wa watu wanaosikiliza. Mshona nguo mmoja alijua kwa nini jirani yake alikuwa hanenepi. Bwana harusi mmoja alirudisha suti. Mama muuza mkaa aliushika uzi wa mumewe, akasikiliza mpaka mwisho, akauachia na kumwekea chakula kama kawaida, lakini hakukaa naye mezani. Manispaa ilifunga vitambaa vyekundu kwenye nyuzi zilizopita chini chini, waendesha baiskeli wasijikwae.

"Mficha maradhi kilio kitamfichua," alisema Fundi. Alikuwa ameizima seva kwa dakika nne ili kujaribu, na nyuzi zote zikapotea. Alipoiwasha zikarudi mahali pake, kila mmoja kwa mwenyewe.

"Na tukihamishia faili kwenye seva mpya?" Bi Funguo aliuliza.

"Nimejaribu faili kumi. Kule zinakaa kimya, hazitoi kitu. Hizi nyuzi ni za mashine hii tu. Tukiizima ndiyo basi."

Saa nane kilikaa kikao cha dharura. Uzi wa Mkurugenzi uliingia dirishani ukashukia kichwani pake, na wote wakajitahidi kutazama makabrasha. Katibu wa bodi alieleza kwamba hakuna faili iliyopotea, zote zipo, kwa hiyo huwezi kusema zimeibwa. "Zimesikika tu," alisema. Naibu alipendekeza tangazo kwamba nyuzi hazina madhara kwa ngozi. Mwenyekiti wa bodi, bibi mmoja ambaye mhudumu wa chai alilazimika kuinama kupita chini ya uzi wake, aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza.

"Nimekula kijani miaka sita kama mbuzi," alisema. "Ijumaa saa sita nataka rangi ya namba saba kutoka kwa Bi Funguo, moja kwa moja, bila kupita kwa mtu. Akisema nyekundu, tunazima mchana huohuo. Tutaandika kwa kalamu. Mimi nimezaliwa wakati wa kalamu."

Bi Funguo alitoka pale akiwa mwepesi. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, ambaye alimkuta anapiga pasi sare za binti.

"Mwambie leo, dada. Usingoje Jumamosi."

"Ana mtihani kesho. Utamvuruga mtoto."

"Uzi wake umepita juu ya mlango wako. Nimeinama nikiingia."

"Basi kesho akitoka chuoni. Kesho hiyo hiyo. Naapa."

Mlango ulifunguliwa binti akaingia, viatu vimejaa vumbi, futi ya kupimia ardhi begani. Aliketi kwenye kiti cha karibu na dirisha.

"Mita elfu tatu mia nne na kumi na nane," alisema. "Kutoka hapa mpaka dirisha la chini la hospitali. Nimeufuata uzi wangu wote, halafu nikarudi. Hapo getini kwetu ndipo nilipoushika."

Pasi iliunguza kola ya sare na moshi ukaanza kupanda.

"Kitanda namba kumi na mbili," binti alisema. "Mama wa masjala amekohoa katikati."

"Ningekwambia Jumamosi," alisema dada. "Kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeshapanga na maneno."

"Najua, mama. Mama ni wewe. Ningependa tu ningeyasikia hayo maneno uliyopanga."

Dada alizima pasi. Kisha alimgeukia mdogo wake. "Si ulisema umefunga?"

"Robo iliyopita niliandika njano," alisema Bi Funguo.

Dada hakujua njano ni nini katika kazi zile, na hakuuliza. Alimtazama usoni, akaelewa kiasi kilichomtosha, akaenda kufungua dirisha moshi utoke. Bi Funguo alikaa dakika kadhaa akingoja kuambiwa jambo. Halafu alichukua mkoba wake akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Kufikia Ijumaa mji ulikuwa umezoea. Watu waliinama bila kufikiri, na wakubwa walivaa kofia, ingawa kofia hazikusaidia. Saa tano asubuhi binti alifika hospitalini peke yake.

"Mama mdogo, naomba nione zinapotoka."

Walishuka pamoja. Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, fomu ya Mwenyekiti imefunguliwa. Binti alisimama mlangoni muda mrefu. Alitazama nyuzi za watu wote aliowahi kupishana nao maishani zikianzia mahali pamoja, kwenye kisanduku chenye kutu, na uso wake ukawaka kwa ule mwanga wao. Alipumua kidogo kidogo, kama anayeogopa kuzipeperusha. Aliutambua uzi wake. Ubavuni mwake, ukitoka katika tundu lilelile, ulikuwepo mwingine uliopanda wima na kuzama kwenye zege la dari. Aliushika kwa vidole viwili, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wote watatu walisikia.

Mama wa masjala alitaja jina ambalo hakuna aliyewahi kumtajia binti. Umri, miaka ishirini na miwili. Kazi, fundi redio. Ndugu wa karibu, hakuna. Kisha akasoma maelezo ya muuguzi wa zamu: "Saa nne na nusu mgonjwa ameuliza mtoto ana vidole vingapi. Ameambiwa kumi. Amecheka. Ameomba avihesabu mwenyewe. Amehesabu. Saa tano na dakika arobaini amefariki."

"Rudia," binti aliuambia uzi. Ukarudia. Alisikiliza akiwa amefumba macho, machozi yakishuka mpaka kidevuni, naye akicheka.

"Jumatatu nitakuja na mama," alisema baadaye. "Amesema anataka kumsikia. Walilala vitanda jirani na hakuwahi kumjua jina. Utakuwepo Jumatatu, huu uzi?"

Fundi alikohoa.

"Mkuu, saa sita kasoro dakika tano. Mwenyekiti anasubiri. Namba saba niandike rangi gani?"

Bi Funguo alijua jibu. Alikuwa amelisema kwa miaka sita, na ilikuwa mara ya kwanza kwamba lingefika lilivyo. Alijua pia idadi ya waliobaki wakisomwa mitaani, mmoja mmoja, na wangapi kati yao walikuwa na maneno waliyoyapanga kusema Jumamosi fulani. Alimtazama binti wa dada yake, aliyekuwa ameushika tena uzi.

"Kijani," alisema.

Fundi aliinua macho. Yeye ndiye aliyekuwa akimwandalia maelezo ya mstari ule kila robo, na alikuwa na uzi wake mwenyewe kichwani. Aliandika kijani.

"Kuna sehemu ya sababu," alisema.

"Iache wazi."

Akaiacha wazi, akatuma. Kwenye dirisha dogo mtu mmoja alikuwa ameegesha baiskeli, ameshika uzi wa mtu asiyemjua, anasikiliza huku akitabasamu. Bi Funguo alimwona vizuri kabisa. Hakwenda kumfukuza. Alimwomba Fundi ile ndoo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akamsogezea binti akae.