Wakimbizi wa Maji Chumvi

Ilikuwa Agosti, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wa Msumbiji kurudi kwao, na Bernadeta alikuwa uani akibangua korosho, amejipaka majivu hadi viwiko ili mafuta ya maganda yasimbabue. Samaki wakapiga hodi. Mbele alikuwa chewa mzee mwenye kovu mdomoni, nyuma yake changu, tasi na pono, mapezi yamechubuka kwa kokoto za njia ya Mtwara.

"Shikamoo, mama," chewa alisema.

"Marahaba. Mmetoka mbali."

"Baharini. Tunaomba hifadhi."

Bernadeta hakuuliza mengi. Wakati wa vita kila nyumba kijijini ilipokea familia iliyovuka Ruvuma, na watu walishazoea kusogeza mikeka. Tatizo lilikuwa maji. Huku juu Newala, mvua ikiisha, mtu hana maji ila yale aliyoyakinga kwenye bati, na tangi lake la chini ya ardhi lilipaswa kumfikisha Desemba. Alilifunua, akamimina chumvi yote ya nyumbani na nyingine aliyoomba kwa majirani, samaki wakaingia mmoja mmoja wakisema asante. Tangu siku hiyo maji yake ya kunywa aliyafuata bondeni, ndoo kichwani.

Jioni chewa aliegemea ukingo wa tangi wakazungumza. Babu yake, alisema, asingepita kwenye mlango ule. Baba yake angejaza kitanda. Yeye mwenyewe, Bernadeta angeweza kumbeba mgongoni, na wajukuu wake walikuwa wanaenea kwenye kikombe. Na wavuvi wa mitumbwi, alisema, hakuwa na ugomvi.

"Wale tunajuana. Wanachukua, wanaacha. Siku hizi wanarudi na nyavu tupu, wanasemwa na wake zao, masikini. Ni meli, mama. Zinakokota nyavu chini, zinasomba hadi majani. Zinataka wale kamba tu. Sisi wengine zinatutupa tumeshakufa."

Sasa, mkimbizi huripotiwa. Ndivyo walivyofanya wakati wa vita: balozi wa nyumba kumi anaambiwa, anapeleka taarifa juu, msaada unakuja. Bernadeta alimwambia balozi wao, Stamili, kwa moyo mweupe kabisa. Aliyetumwa alikuwa bwana samaki, afisa wa uvuvi wa serikali, na bwana samaki huyo alikuwa Basil, mwanawe wa kumzaa.

Basil alikuja na lori lenye tangi. Alivua viatu, akala ugali wa mama yake, kisha akachuchumaa kuzungumza na wageni. Aliwaambia kwamba ofisi yake imewatengea bwawa la maji chumvi, pana, lenye ulinzi.

Chewa alimgeukia Bernadeta. "Ni mwanao?"

"Ni mwanangu. Nimemsomesha kwa korosho hizi."

"Basi twende."

Lori lilishuka moja kwa moja hadi gatini, na samaki wakakabidhiwa kwa meli. Meli ilikuwa imeshindwa kujaa kamba msimu ule, sasa ilichukua samaki yeyote, na Basil alikuwa amepewa lengo. Habari hiyo aliileta mwenyewe, wala hakuizungusha. Alisema takwimu za uvuvi zimepanda, kama zilivyopanda mwaka uliotangulia.

"Zimepanda kwa wageni wangu," Bernadeta alisema. "Baharini mmemaliza, Basil, umekuja kuvua kwenye tangi la mama yako."

"Mama, ni kazi."

"Na neno nililowapa?"

Basil akatazama saa. Hilo lilimuuma Bernadeta kuliko kama angemtukana. Mtoto aliyemnyonyesha alikuwa amemfanya chambo, na hata aibu hakuwa nayo.

Kwa wanakijiji, hata hivyo, hakuja mikono mitupu. Lori likishuka na samaki, aliwaeleza, litapanda na maji ya kunywa, bure, ilimradi wageni waendelee kupokelewa. Walimpigia makofi. Tangu uhuru walikuwa wanaahidiwa maji, na huyu ndiye wa kwanza kuyaleta.

Wiki iliyofuata walikuja samaki wengine, wadogo zaidi, wakiongozwa na pono mwembamba. Bernadeta aliwaingiza tangini, kisha akawaambia ukweli wote: lori linakwenda wapi, na dereva wa mambo hayo alizaliwa na nani.

"Pumzikeni," alisema. "Alfajiri mteremke upande wa Ruvuma, mfuate mto."

Pono alimshukuru. Alisema tangu watoke kwao hakuna mtu aliyewaambia jambo la kweli, na kwamba watalala vizuri.

Kulipopambazuka Bernadeta alitoka kuwaamsha. Lori lilikuwa limeshazima injini mlangoni, na Basil alikuwa amekaa ndani yake, vioo vimepandishwa. Foleni ya ndoo ilizunguka nyumba hadi kwenye mikorosho. Watu walikuwa wamenawa nyuso, wamevaa vizuri, na hakuna aliyekwepa kumtazama. Bernadeta akaenda kukaa juu ya mfuniko wa tangi.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa Stamili. Aliweka ndoo zake mbili chini, akamsogelea, akamshika mkono kwa heshima.

"Shikamoo, Mama Basil," alisema. "Sogea kidogo, tufunue."